Kabla ya Desemba

Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere. Hakuja na maabara. Alikuja na swali kuhusu watoto wa Kiganda ambao, kwa desturi ya zamani, walipelekwa kwa ndugu wakati wa kuachishwa ziwa ili walisahau. Akakuta desturi yenyewe imeshafifia, akageuza swali: mtoto mchanga anaanzaje kumtofautisha mama yake na watu wengine wote? Familia 26 zilimkaribisha sebuleni, kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi, na pembeni yake aliketi mkalimani. Kitabu kilichotokana na ziara hizo kilitoka mwaka 1967, na ni nadra leo kumpata mwanafunzi wa saikolojia ya watoto, awe Toronto au Leiden, ambaye hajakutana na kazi iliyoanzia katika sebule hizo.

Mwongozo huu ni wa yule mkalimani. Yaani ni wa kijana wa leo wa Nairobi, Dodoma, Bukavu au Bujumbura ambaye ameshabeba madodoso kijijini, ameshatafsiri maswali ya watafiti wageni, ameshaingiza data usiku kwenye kompyuta ya mradi, na sasa anataka kuhamia kiti cha pili ili aulize swali lake mwenyewe.

Kwanza ajue anachokiomba. Shahada ya uzamivu ya Marekani huitwa masomo, lakini kwa tabia yake ni uanagenzi. Mtu anaingia kwenye karakana ya fundi fulani, anajifunza kushika randa, na baada ya miaka mitano au sita anatoka na kiti alichokichonga mwenyewe. Ndiyo maana hulipwa: vyuo vingi vya utafiti humsamehe ada na kumpa posho ya kujikimu, naye hufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya kazi za maabara. Na ndiyo maana shahada ya uzamili si sharti. Hili huwashangaza wengi kwetu, ambako ngazi hupandwa moja moja. Kule mtu anaweza kutoka shahada ya kwanza akaingia uzamivu moja kwa moja. Kanada kwa kawaida huanza na uzamili wenye ufadhili, kisha uzamivu. Uingereza uzamivu ni wa miaka mitatu au minne, na mara nyingi mwombaji hutarajiwa kufika na uzamili mkononi na andiko la mradi. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg, lenye Tübingen na Heidelberg, limekuwa likiwatoza wanafunzi wa kigeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Göttingen, iliyo nje ya jimbo hilo, ina programu ya sayansi ya neva inayofundishwa kwa Kiingereza na inayounganisha uzamili na uzamivu tangu mwaka 2000.

Saikolojia na sayansi ya neva hazifanani katika namna ya kuomba. Katika idara nyingi za saikolojia za Marekani, mwombaji huchukuliwa na profesa mmoja anayemjua kwa jina. Kama profesa huyo hachukui mwanafunzi mwaka huo, maombi hata yakiwa mazuri namna gani hayatafika popote. Katika programu nyingi za sayansi ya neva, mwanafunzi huchukuliwa na programu nzima, huutumia mwaka wa kwanza kuzunguka kwenye maabara mbili tatu, kila moja kwa wiki kadhaa, ndipo achague. Kwa hiyo wa saikolojia atafute mtu, na wa neva atafute mahali penye watu watatu au wanne ambao angefanya kazi na yeyote kati yao bila kinyongo.

Halafu ipo njia panda ambayo ni afadhali kusimama kwa muda. Wengi wanaosema wanataka uzamivu wa saikolojia, wakiulizwa zaidi, huwa wanataka kutibu: sonona, kiwewe, uraibu. Ni nia njema, ila ina mlango wake. Tangu mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, saikolojia ya tiba ya Marekani imejengwa juu ya wazo kwamba mtaalamu awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja, na uzamivu wa aina hiyo ni kati ya milango myembamba kuliko yote, kwa sababu kila mwaka programu huchukua watu wachache sana. Mkutano wa Vail mwaka 1973 uliidhinisha njia ya pili, shahada ya udaktari inayoegemea zaidi kwenye tiba, iitwayo PsyD. Hiyo huchukua wanafunzi wengi zaidi, lakini mara nyingi mwanafunzi hujilipia, na deni lake si la kuchezea. Programu zilizoidhinishwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, hutakiwa kuweka hadharani jedwali linaloonyesha gharama, muda ambao wanafunzi hutumia kumaliza, na wangapi huacha njiani. Msomaji alitafute jedwali hilo kabla hajavutiwa na picha za wanafunzi wanaocheka chini ya miti.

Na kama anataka kuwatibu watu wa nyumbani, asidharau kilicho karibu. Muhimbili, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere wana uzamili wa saikolojia ya tiba. Mgonjwa wa Temeke hasemi ana sonona. Husema moyo unamwenda mbio, usingizi umepaa, mawazo yamezidi, na anayejifunza tiba ndani ya lugha hiyo anajifunza mambo ambayo Chicago hakuna wa kumfundisha. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo anayekusudia kurudi kufanya kazi huko aulize mapema shahada ya nje itatambuliwa vipi. Swali hilo lina majibu ya kuudhi zaidi likiulizwa baada ya miaka sita.

Tuseme basi amebaki kwenye utafiti. Anahitaji swali, na kuwa Mwafrika si swali. Hapa ndipo maombi mengi ya kutoka kwetu hulegea. Mwombaji anasoma kwamba mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha jinsi sayansi ya tabia inavyotoa hitimisho kuhusu binadamu wote kwa kuwapima watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Anafurahi, anaandika kwamba ataziba pengo hilo, basi. Kamati imeshaisoma sentensi hiyo mara nyingi. Inataka kujua atapima nini, kwa nani, na jibu likija hivi badala ya vile litabadilisha nini.

Mfano mdogo. Mswahili anayeishi kwa lugha mbili husoma saa moja ileile kwa namba mbili: kwa Kiswahili saa mbili asubuhi, kwa Kiingereza nane. Kila anapovuka lugha anaongeza au kupunguza sita. Je, kuvuka huko kunagharimu muda kichwani? Kunagharimu zaidi kwa aliyejifunza saa ya Kiingereza ukubwani? Hilo linaweza kupimwa kwa kompyuta ya mkononi na programu ya bure ya PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na wanafunzi thelathini wa bweni moja. Huenda matokeo yasimshangaze mtu. Lakini mwombaji aliyelifanya hilo ameshaonja kila kitu: kutunga jaribio, kuomba kibali cha maadili, kupoteza data za watu wanne kwa kosa la kijinga, na kuandika alichokipata bila kukitia chumvi.

Maswali makubwa yapo pia, na mengine yana makaburi. Huko Mahenge, Tanzania, Louise Jilek-Aall, daktari aliyezaliwa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya mwanzo ya 1960 na kuona watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo iliripotiwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na hadi sasa wataalamu wanabishana juu ya chanzo, ingawa vidole vingi vinaelekea kwenye minyoo ya usubi. Nchini Kongo, konzo huwapooza miguu ghafla watu waliokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Kilifi, Eldoret na Kampala zimeshiriki katika utafiti mkubwa wa chembe za urithi na magonjwa ya akili uitwao NeuroGAP. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliweka mabibi wa mtaani kwenye mabenchi kusikiliza watu wenye *kufungisisa*, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi, na jaribio la mpango huo likachapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2016. Kenya, kundi la Shamiri lililoanzishwa na Tom Osborn na wenzake huwafunza vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao vifupi vya afya ya akili shuleni. Kazi zote hizi zinahitaji wasaidizi, na msaidizi ana nafasi ambayo profesa wa mbali hana: anaiona data ikizaliwa.

Tumchukue anayezunguka na PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona ambalo limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Swali moja linahusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Anamuuliza mama mmoja kwenye nyumba ambayo jana hapakupikwa, naye anajibu, “Hamu ninayo, mwanangu, chakula ndicho sina.” Sasa alama ipi ijazwe? Msaidizi mmoja hujaza kisanduku na kwenda nyumba ya pili. Mwingine huandika jibu hilo pembeni, jioni huwauliza wenzake kama wamekutana nalo, kisha hutafuta watafiti wengine wamelitatua vipi. Huyo wa pili ameshaanza uzamivu, ingawa bado analipwa kwa siku. Daftari lake la pembeni ndilo litakalomwandikia insha ya maombi Oktoba.

Asiye na mradi karibu naye hajafungiwa. Lugha ya takwimu ya R ni ya bure, Python ni ya bure, na kwenye hazina ya OpenNeuro kuna picha za ubongo zilizowekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti na subira ya kupakua. Allen Institute ya Seattle nayo imeweka wazi ramani zake za ubongo. Tangu 2020 Neuromatch huendesha shule ya mtandaoni ya sayansi ya neva ya kikokotozi. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, lililoanzishwa 1961, hufadhili shule fupi barani Afrika. Chama cha SONA kinawaunganisha wanasayansi wa neva wa bara hili tangu 1993. Na TReND in Africa, iliyoanza na kozi ya nzi wa matunda Ishaka, Uganda, mwaka 2011, imewafunza vijana wengi kwamba sayansi ya neva haisubiri mashine ya mamilioni. Nzi anatosha kuanzia.

Kitu kimoja cha kusoma kabla ya vyote: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya marudio hayo, ni asilimia 36 tu yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, ilhali karibu tafiti zote za awali zilikuwa nao. Mwombaji asiyejua habari hiyo, na asiyeweza kueleza inamaanisha nini kwa utafiti wake mwenyewe, ataonekana amelala.

Kalenda ihesabiwe kinyumenyume. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba mosi na katikati ya Desemba, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Anayetaka kuanza 2028 anaandika maombi mwishoni mwa 2027, kwa hiyo kusoma makala na kutafuta maabara kunaanza mwanzoni mwa 2027, kama si kabla. Kufikia Agosti awe na orodha ya programu nane hadi kumi na mbili, kila moja na majina ya maprofesa. Orodha isijengwe kwa umaarufu wa chuo. Ijengwe kwa kuangalia ni nani waliandika makala zile ambazo mwombaji alizisoma mpaka mwisho bila kulazimishwa. Mitch Prinstein wa Chuo Kikuu cha North Carolina ametoa bure mwongozo mrefu kwa waombaji wa saikolojia ya tiba; umeandikwa kwa Wamarekani, lakini unasema wazi mambo ambayo maprofesa husemezana wakiwa wenyewe.

Septemba ni mwezi wa barua pepe, na hapa adabu yetu hutuponza. Kijana aliyelelewa vizuri huona aibu kuingia kwenye shida yake kabla ya kumjulia hali mkubwa, familia yake na kazi zake. Profesa wa Ann Arbor hajui adabu hiyo. Anaona aya nzima ya kumtakia afya njema, kidole kinaelekea kwenye kitufe cha kufuta. Adabu ya huko ni kutompotezea mtu muda. Sentensi moja ya kujitambulisha. Mbili za kutaja makala yake mahususi na jambo ambalo makala hiyo imeliacha wazi, linalogusa kazi aliyoifanya mwombaji. Moja ya kuuliza kama anatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka ujao. Wasifu uambatishwe. Aitwe Profesa na jina la ukoo. Asidhaniwe kuwa mwanamume. Kabla ya kutuma, tovuti yake isomwe, maana wengi huandika humo kama wanachukua mwanafunzi au la. Kimya kikipita wiki mbili, akumbushwe mara moja tu. Na barua moja isinakiliwe kwa watu arobaini: siku moja jina la chuo kingine litabaki ndani.

Insha ya malengo ndiyo inayoogopwa zaidi, na mara nyingi huharibiwa na jitihada. Mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha utafiti kuhusu walichokiita “mabusu ya kifo” katika maombi ya saikolojia, baada ya kuwauliza wenyeviti wa kamati za udahili ni nini huwafanya wamtupe mwombaji aliyekuwa akifaa. Majibu yaliangukia kwenye makundi matano: insha inayomharibia mwenyewe, barua za mapendekezo zinazodhuru, kutoijua programu, uandishi mbovu, na mbinu za kujionyesha zilizokwenda upande. Katika kundi la kwanza lilijirudia jambo moja: kueleza kwa kina maradhi ya akili ya mwombaji mwenyewe. Hili linauma, maana mara nyingi ndilo lililomsukuma mtu kwenye fani. Mimi naona kamati zinazoogopa historia ya mtu zina walakini wao, lakini insha ya maombi si mahali pa kuzirekebisha. Kaka aliyeugua anaweza kutajwa kwa sentensi moja, mradi sentensi ya pili ianze kazi.

Insha nzuri haianzi na “tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na ubongo”. Inaanza na jambo: yule mama na dodoso, wale wanafunzi thelathini na saa zao. Inasema mwombaji alifanya nini hasa kwa mikono yake, si mradi ulifanya nini. Inasema kilichoshindikana. Kisha inaonyesha swali linaelekea wapi, na kwa nini maabara hizi mbili au tatu ndizo zenye vyombo vya kulijibu. Kurasa mbili. Maneno ya kubembeleza, kama “chuo chenu kitukufu”, yakatwe yote.

Barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu, ndizo zinazowaangusha wengi wa kwetu bila wao kujua. Mhadhiri mwema anaandika: mwanafunzi huyu ana nidhamu, anahudhuria vipindi, anaelewana na wenzake. Dar es Salaam hizo ni sifa. Mezani pa kamati ya Marekani zinasomeka kama mtu asiye na la kusema. Barua inayotakiwa kule ina visa: siku gani aligundua kosa kwenye data, alisomaje makala nje ya mtaala, analinganishwaje na wanafunzi bora ambao mwandishi amewafundisha kwa miaka kumi. Ndiyo maana barua ya kiongozi wa mradi aliyekaa naye kwenye gari la utafiti ina uzito kuliko ya mkuu wa kitivo anayelijua jina lake tu. Ya mbunge au ya mchungaji iachwe.

Ipo desturi ya mwalimu kusema, “Andika wewe, nitasaini.” Anasema hivyo kwa sababu ana wanafunzi mia tatu. Hata hivyo si njia nzuri: barua itatoka na sauti ileile ya insha, na msomaji mzoefu huisikia. Afadhali mwombaji ampelekee karatasi moja yenye kumbukumbu, “Mwalimu, unakumbuka ule mradi wa Kisarawe, nilifanya hivi na hivi,” pamoja na wasifu, rasimu ya insha, na jedwali la tarehe zote za mwisho. Aombe mapema, uso kwa uso kama inawezekana, na aulize kama mwalimu anaona anaweza kuandika barua yenye nguvu. Mwalimu akisita, ashukuriwe, aombwe mwingine. Anayekubali aambiwe pia kwamba ujumbe wa mfumo wa maombi huangukia kwenye kapu la barua taka, na kwamba baadhi ya vyuo hutaka anwani ya taasisi badala ya anwani binafsi. Kumkumbusha wiki mbili kabla, na tena wiki moja kabla, si utovu wa adabu. Fomu itauliza kama mwombaji anaachia haki ya kuisoma barua. Kwa kawaida huiachia, vinginevyo barua haiaminiki.

Matokeo ya chuo yana mtego wake. Vyuo vya Tanzania hutumia kipimo cha alama 5, ambapo daraja la kwanza linaanzia 4.4, Marekani kipimo ni 4. Mwenye 3.8 kati ya 5 akijaza 3.8 kwenye kisanduku cha kipimo cha 4 amejipandisha bila haki, na siku transkripti ikisomwa ataonekana mwongo. Ajaze kama ilivyo, aandike kipimo chake, na asigeuze mwenyewe isipokuwa ameagizwa. Kwa Kenya ielezwe mahali fulani, ikiwezekana na mwandishi wa barua, kwamba asilimia 70 ni daraja la kwanza, maana kwa jicho la Mmarekani 70 ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Na majina! Cheti cha sekondari kina majina mawili, cha chuo matatu, pasipoti imegeuza mpangilio, herufi moja imeanguka. Hayo yarekebishwe kwa hati ya kiapo mwezi wa Juni, si wiki ya Krismasi.

Mitihani isimpotezee usingizi. Tangu janga la UVIKO-19 programu nyingi za saikolojia na neva zimeacha kudai GRE, na tangu Septemba 2023 mtihani wenyewe umefupishwa hadi chini ya saa mbili. Aangalie kila programu inasemaje kabla ya kutoa zaidi ya dola 200. Wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, mara nyingi husamehewa waliosoma chuo kwa Kiingereza, lakini msamaha huo huombwa. Ada ya maombi nayo huzunguka dola 100 kwa kila chuo, na kwa vyuo kumi hiyo ni mishahara ya miezi kadhaa. Programu nyingi zina msamaha ambao hazitangazi sana. Barua fupi kwa mratibu wa programu, Oktoba, huweza kuufungua.

Kuhusu fedha kubwa, ukweli mmoja usemwe. Sehemu ya ufadhili wa sayansi ya neva Marekani hutoka kwenye ruzuku za mafunzo za Taasisi za Taifa za Afya, na ruzuku hizo ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Programu ikimchukua mgeni lazima itafute fungu lingine, kwa hiyo nafasi za wageni ni chache kuliko tovuti inavyoonyesha. Mwombaji aulize waziwazi: wanafunzi wangapi wa kigeni mliwachukua miaka mitatu iliyopita? Mwaka 2025 fedha za utafiti za Marekani ziliyumba na baadhi ya vyuo vikapunguza nafasi. Juni mwaka huohuo viza za wanafunzi zilizuiwa kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imekuwa ikibadilika. Hakuna busara ya kuweka vyuo vyote vya nchi moja kwenye orodha. Anayejua Kifaransa, kama wengi wa Bukavu na Bujumbura, ana vyuo vya Montréal, Laval na Louvain ambavyo mwenzake wa Mwanza hana. Skolashipu za Fulbright, DAAD, Jumuiya ya Madola na Chevening zina kalenda zao, na nyingine hufunga mapema kuliko vyuo vyenyewe. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza na hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800.

Kisha inafika siku yenyewe. Tarehe ya mwisho ikisema saa 5:59 usiku ya Desemba mosi kwa saa za New York, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 1:59 asubuhi ya tarehe 2. Kwa California ni saa 4:59 asubuhi. Hiyo inaonekana kama zawadi ya usiku mzima, na umeme hukatika usiku huohuo. Maombi yatumwe siku tano kabla.

Usaili huja kati ya Januari na Machi, mara nyingi kwa video. Saa kumi jioni ya Boston ni saa sita usiku kwetu, hadi Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele na tofauti ikawa saa saba. Mwombaji akope chumba chenye intaneti ya kuaminika, aweke simu yenye bando pembeni, aiambie familia. Maswali huwa mepesi kwa sauti na mazito kwa maana: tueleze utafiti wako, ulikosea wapi, ungefanya nini ukipata mwaka mwingine na fedha. Hapo daftari la pembeni hurudi kazini. Naye awe na maswali yake, na baadhi awaulize wanafunzi waliopo bila profesa kusikia: anajibu barua pepe? Wanafunzi wake humaliza? Posho inatosha kodi ya nyumba ya mji huo? Ukimya katika swali la kwanza ni jibu.

Barua za kukubaliwa zikija zaidi ya moja, asikimbizwe. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili ana hadi Aprili 15 kuamua. Lakini akishajua hataki nafasi fulani, aiachie siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayeangalia simu kila baada ya dakika kumi. Baada ya hapo ni makaratasi: fomu ya I-20 kutoka chuoni, dola 350 za mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ada ya viza, foleni ya ubalozi. Koti la baridi linapatikana Gikomba au Karume kwa bei ya chini kuliko Boston, na mara nyingi limeshatoka hukohuko.